Kifafa na hofu yake: historia ya ugonjwa uliofichwa



Katika sura ya 9 ya Injili ya Marko yumo baba aliyemleta mwanawe mgonjwa kwa Yesu. Wengi tunapoisikia habari ile humtazama kijana aliyeanguka chini, akatokwa na povu na kukakamaa. Juma hili naomba tumtazame pia baba. Yesu alipomwuliza ni tangu lini mwanawe amepatwa na hali hiyo, yule baba hakutaja wakati tu. Alieleza kwamba hali ile ilianza utotoni, na kwamba mara nyingi ilimwangusha mtoto motoni na majini. Hilo ni jibu la mzazi ambaye kwa miaka mingi hajaweza kupita karibu na mafiga au kisima bila kugeuka nyuma kumtafuta mwanawe kwa macho.

Historia ya kifafa kwa kawaida huandikwa kama historia ya matabibu na dawa: nani aligundua nini, na mwaka gani. Ndani yake imo historia nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni historia ya hofu. Iko hofu ya anayeugua, iko hofu ya nyumba yake, na iko hofu ya jamii inayomzunguka. Hofu hizi tatu zimelishana kwa zaidi ya miaka 2,000. Tuifuate njia yake hatua kwa hatua, kwa maana inapita Ugiriki, Roma na Ujerumani, kisha inapanda hadi kwenye milima ya Mahenge, nchini mwetu.

WALE WALIOKIMBIA WASIONEKANE

Wagiriki wa kale waliuita kifafa ugonjwa mtakatifu. Waliamini kwamba mungu fulani ndiye anayemshika mtu na kumwangusha. Karibu mwaka 400 kabla ya Kristo, mwandishi mmoja wa shule ya Hippocrates aliandika kitabu kizima kupinga wazo hilo. Alisema kwamba ugonjwa huu hauna utakatifu wowote unaozidi ule wa magonjwa mengine, kwamba chanzo chake ni ubongo, na kwamba wanaouita mtakatifu ni wapunga pepo na wenye maagano wanaoficha ujinga wao nyuma ya jina la miungu. Maelezo yake kuhusu makohozi kuziba mishipa hayakuwa sahihi, lakini kuhusu ubongo alisema kweli, na ilichukua karne nyingi dunia kumfikia.

Katika kitabu hicho iko sehemu fupi ambayo haitajwi sana. Mwandishi anasema kwamba wagonjwa waliozoea hali yao huutambua mshtuko kabla haujafika. Hapo huwakimbia watu. Kama nyumba iko karibu, hukimbilia nyumbani. Kama iko mbali, hutafuta mahali pa upweke ambapo watu wachache watawaona wakianguka, na hujifunika kichwa. Kisha anatoa sababu: wanafanya hivyo kwa kuona aibu, wala si kwa kuogopa miungu kama wengi walivyodhani. Watoto wadogo, anaongeza, hawafanyi hivyo. Wao, wakishaanguka mara kadhaa, hukimbilia kwa mama zao au kwa mtu wanayemfahamu, kwa kuwa bado hawajajua aibu. Wanachokijua ni woga tu.

Tuyatafakari maneno hayo, ndugu msomaji. Tayari wakati ule tabibu aliona kwamba mtoto anapoogopa hukimbilia kwa mtu, na mtu mzima anapoogopa huwakimbia watu. Katikati ya utoto na utu uzima kuna kitu ambacho jamii imemfundisha. Ugonjwa ni uleule, ila sasa umeongezewa mzigo wa pili, na huo wa pili haukutoka kwenye ubongo.

Karne kadhaa baadaye tabibu Galen alisimulia habari ya kijana aliyesema kwamba kabla ya kuanguka alihisi kitu kama upepo wa baridi ukipanda kutoka mguuni kwenda kichwani. Neno la Kigiriki la upepo huo, aura, linatumiwa na madaktari hadi leo kutaja dalili zinazotangulia. Kwa wagonjwa wengine dalili hiyo huwa ni harufu, au tumbo kujaa na kupanda. Kwa wengine ni hofu yenyewe, inayokuja ghafla na bila sababu. Leo tunajua kwamba katika ubongo, upande wa ndani wa pande za kichwa, iko sehemu ndogo yenye umbo la lozi inayohusika na woga. Mshtuko ukianzia hapo, mtu huogopa kabla hajajua anaogopa nini.

MWEZI, PEPO NA SHERIA

Mwinjili Mathayo, akisimulia habari ileile ya kijana, anatumia kitenzi cha Kigiriki kinachotokana na mwezi, kwa kuwa watu wa zama zile waliamini kwamba mwezi ndio unaoleta mianguko. Biblia ya Kiswahili imeweka hapo neno tunalolifahamu wote, kifafa, neno ambalo ndani yake unasikika mzizi wa kufa. Katika karne ya 3 mwalimu Origen, akifafanua Injili hiyo, alijua kabisa kwamba matabibu wa wakati wake walikuwa na maelezo ya kimwili. Aliyakataa, akashikilia kwamba ni pepo mchafu. Kwa muda mrefu Wakristo wengi walimfuata yeye kuliko kumfuata tabibu.

Tusidhani kwamba Kanisa lilikuwa na sauti moja tu. Watu wenye kifafa walimwomba Mtakatifu Valentino awaombee, hasa katika nchi za Wajerumani, ambako jina lake lilisikika karibu na neno lao la kuanguka. Mahujaji walikwenda Rouffach, katika jimbo la Alsace, kumheshimu. Mgonjwa aliyekimbiwa kijijini kwake alipata huko barabara ya kupita pamoja na wengine wanaoanguka kama yeye. Hilo peke yake lilikuwa faraja kubwa.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa wote. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, katika kanuni ya 984, uliwahesabu wenye kifafa miongoni mwa wasiostahili kupewa daraja takatifu, ukiwataja katika mstari mmoja na wenye wazimu na waliopagawa na pepo. Haikujali kama mtu anaugua sasa au aliugua zamani. Kijana aliyeanguka mara mbili tatu utotoni, kisha akapona, alihitaji ruhusa maalumu. Tunaweza kukisia ni vijana wangapi walionyamaza, wakasoma seminari miaka mingi wakihofu kuanguka darasani au kanisani. Mkusanyo mpya wa mwaka 1983, uliotangazwa na Papa Yohane Paulo II, uliliondoa neno kifafa katika orodha hiyo. Kanuni ya 1041 inazungumzia magonjwa ya akili yanayomzuia mtu kutimiza huduma, kwa kusikiliza wataalamu. Kifafa hakimo tena. Si jambo dogo: kwa kufutwa kwa neno moja, Kanisa lilikiri kwamba kuanguka si kupagawa.

DAWA ZAPATIKANA, HOFU YABAKI

Karne ya 19 ilileta mabadiliko makubwa. Mwaka 1857 huko London, Charles Locock alieleza jinsi chumvi ya bromidi ilivyopunguza mishtuko kwa baadhi ya wagonjwa wake. Mwaka 1873 John Hughlings Jackson alieleza kifafa kuwa ni chembe za ubongo kufyatua nguvu zake ghafla na kupita kiasi. Mwaka 1924 Hans Berger, daktari Mjerumani, alifaulu kwa mara ya kwanza kunasa umeme wa ubongo wa binadamu kwenye karatasi, akatangaza kazi yake mwaka 1929. Ugonjwa uliosemwa kuwa ni wa miungu na mapepo ukaonekana kama mistari inayopanda na kushuka.

Kati ya hao wote, mmoja anastahili kukumbukwa zaidi na sisi watu wa Afrika. Mwaka 1912 Alfred Hauptmann, daktari kijana wa Freiburg, aliwapa wagonjwa wake dawa ya usingizi iitwayo fenobabito. Aliona kwamba mbali na kulala vizuri, wagonjwa walianguka mara chache zaidi, na mianguko yao ikawa hafifu. Dawa hiyo ni ya bei nafuu, na zaidi ya miaka 110 baadaye bado ni tegemeo la zahanati nyingi vijijini.

Je, hofu ilipungua dawa zilipopatikana? Kwa mgonjwa mmoja mmoja, ndiyo. Kwa jamii, hapana. Mwaka 1867 huko Bielefeld, Ujerumani, Wakristo wa Kiinjili walifungua nyumba ya wenye kifafa ambayo baadaye iliitwa Bethel. Ilitokana na huruma ya kweli, na watumishi wake walifika hata kwetu, katika milima ya Usambara, ambako mwanzoni mwa karne ya 20 kituo cha Lutindi kilifanywa kuwa nyumba ya wagonjwa wa akili. Vijiji vya namna hiyo vilifunguliwa pia Uingereza na Marekani. Viliwapa wagonjwa kazi, chakula na usalama, lakini pia viliwatenga. Na mahali watu wanapotengwa, haiko mbali siku ambapo mtu atauliza kama wanahitajika.

Siku hiyo ilifika. Tarehe 14 Julai 1933 serikali ya Hitler ilitunga sheria ya kuwahasi kwa nguvu watu wenye magonjwa yaliyodhaniwa kuwa ya kurithi, na kifafa kilikuwa katika orodha. Kuanzia 1939 kukafuata mauaji ya wagonjwa katika hospitali na makao yao, wenye kifafa wakiwemo. Tarehe 3 Agosti 1941 Askofu wa Münster, Clemens August von Galen, alipanda mimbarani akayalaani mauaji hayo waziwazi, akiuliza nani atakuwa salama ikiwa mtu anaweza kuuawa kwa sababu hazalishi. Hauptmann mwenyewe, aliyeipa dunia ile dawa, alikuwa na asili ya Kiyahudi. Alinyang'anywa nafasi yake ya uprofesa huko Halle, mwaka 1938 akafungwa katika kambi ya Dachau, kisha akakimbilia Marekani, alikofariki mwaka 1948.

Tusiwanyoshee kidole Wajerumani peke yao. Uingereza, sheria ya mwaka 1937 iliruhusu ndoa ibatilishwe kwa sababu ya kifafa, na kifungu hicho kiliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970. India ilikiondoa kifafa katika sheria zake za ndoa mwaka 1999. Na kwetu, Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 39, iliweka mashambulio ya kifafa yanayojirudia pamoja na yale ya wazimu kuwa sababu ya kuomba ndoa ibatilishwe. Wakati Waingereza wanakifuta, sisi tulikuwa tunakiandika.

MAMA DAKTARI WA MAHENGE

Sasa tupande Mahenge, wilayani Ulanga, mkoani Morogoro. Huko Wabenediktini walifungua misheni ya Kwiro mwaka 1902, na baadaye Wakapuchini wa Uswisi wakaendeleza kazi hiyo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alifika huko daktari kijana kutoka Norway, Louise Aall, ambaye baadaye alijulikana kama Louise Jilek-Aall. Alishangazwa na wingi wa watu wenye kifafa miongoni mwa Wapogoro, na zaidi alishtushwa na hali yao.

Aliona watu waliokuwa na makovu makubwa ya moto. Walikuwa wameanguka kwenye mafiga na hakuna aliyethubutu kuwavuta, kwa kuwa iliaminika kwamba mate, mkojo au hewa inayomtoka mgonjwa wakati wa kuanguka huambukiza. Watu walikimbia. Mgonjwa alikula katika chombo chake peke yake, na mara nyingi alilala katika kibanda cha peke yake. Wengine walizama mtoni. Ndugu msomaji, moto na maji: maneno yaleyale ya baba wa Injili yalikuwa yanatimia Mahenge karne 19 baadaye, na kwa sababu ileile, kwamba karibu ya aliyeanguka hapakuwa na mkono wa kumshika.

Mwaka 1960 daktari huyo alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, akitumia hasa fenobabito. Wagonjwa wengi walipata nafuu kubwa. Habari zikaenea, na watu waliokuwa wamefichwa wakaanza kutoka. Walimwita Mama Daktari, na jina hilo likaingia katika kichwa cha kitabu alichoandika mwaka 1979 kuhusu miaka ile. Alikuwa pia miongoni mwa wa kwanza kueleza kitaalamu jambo ambalo wazazi wa huko walilijua tayari: watoto waliotikisa kichwa mbele na nyuma kama wanaosinzia, wengi wao wakaja kuanguka kifafa kamili baadaye. Hali kama hiyo ilikuja kuonekana pia kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini.

Mwaka 1992 yeye na mwenzake, Dk. Rwiza, walichapisha taarifa iliyowafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki ile kwa kipindi cha miaka 30. Takribani theluthi mbili walikuwa wamekwisha kufariki, na wengi wao walikufa kwa mambo yanayotokana na kifafa: mishtuko isiyokatika, kuzama na kuungua. Mwaka huohuo utafiti katika vijiji vya Ulanga ulionyesha watu wapatao 10 wenye kifafa katika kila watu 1,000. Miaka ya karibuni wataalamu wa Tanzania na Ubelgiji wamerudi Mahenge na kuonyesha kwamba kifafa ni kingi zaidi katika vijiji ambako minyoo ya usubi, ule ugonjwa wa upofu unaoletwa na inzi wa kwenye mito iendayo kasi, bado inaambukizwa. Kwa maneno mengine, kuna kifafa kinachoweza kuzuiwa kwa vidonge vya kutibu usubi. Vivyo hivyo kifafa kinachotokana na mayai ya tegu wa nguruwe huzuiwa kwa vyoo bora na usafi, na kile kinachofuata malaria kali ya kichwani huzuiwa kwa kumwahisha mtoto hospitali. Hapa lile neno degedege limetugharimu sana, kwa kuwa wazazi wengi walimpeleka mtoto kwa mganga kwanza, wakiogopa kwamba akichomwa sindano atakufa.

KUPIMA KISICHOONEKANA

Kwa muda mrefu daktari alimwuliza mgonjwa wa kifafa swali moja tu: umeanguka mara ngapi? Kama idadi imepungua, kadi ikaandikwa kwamba anaendelea vizuri. Katika miaka ya 1990 watafiti walianza kuuliza maswali mengine. Mwaka 1995 ilichapishwa hojaji ya maswali 89 kuhusu ubora wa maisha ya watu wazima wenye kifafa, na baadaye ikatolewa fupi ya maswali 31. Iliuliza kuhusu nguvu za mwili, kumbukumbu, madhara ya dawa, kazi, marafiki, na pia jambo moja ambalo hapo kabla halikuwa na nafasi kwenye kadi: wasiwasi wa kuanguka.

Majibu yalifundisha mengi. Mtu anaweza kuanguka mara mbili kwa mwaka, dakika chache kila mara, lakini akaogopa siku zote 365. Hapandi basi, kwa kuwa anaweza kuangukia miguuni pa watu asiowajua. Hachoti maji peke yake. Haombi kazi, kwa kuwa ataulizwa afya yake. Hakai benchi la mbele kanisani. Utafiti mmoja wa mwaka 2004, uliofanywa kwa wagonjwa ambao dawa hazikuwafaa vya kutosha, ulionyesha kwamba sonona ndiyo iliyopunguza ubora wa maisha yao, na si idadi ya mianguko. Mwaka 2017 tafiti nyingi zilikusanywa pamoja, zikaonyesha kwamba takribani mtu mmoja kati ya watano wenye kifafa ana ugonjwa wa wasiwasi, na zaidi kidogo ya hapo wana sonona.

Tena wataalamu wamegundua kwamba njia hii ina pande mbili. Kifafa huongeza wasiwasi, na wasiwasi unaomnyima mtu usingizi na kumfanya asahau dawa huongeza mianguko. Hivyo kuitibu hofu si anasa ya watu wa mijini; ni sehemu ya kukitibu kifafa chenyewe. Tiba ziko: mazungumzo na mshauri aliyefundishwa, dawa za wasiwasi zinazotolewa na daktari anayejua kwamba mgonjwa ana kifafa, na wakati mwingine kubadili tu dawa ya kifafa inayomfanya mtu awe mzito au mwenye hasira. Lakini haiwezekani kutibu kile ambacho hakikuulizwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 wana kifafa, na karibu asilimia 80 wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati. Linasema pia kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mianguko kama wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Mwaka 2022 nchi wanachama zilipitisha mpango wa kazi wa hadi 2031, na moja ya malengo yake ni kwamba asilimia 80 ya nchi ziwe zimetunga au kurekebisha sheria zao ili kulinda haki za wenye kifafa. Tukikumbuka orodha ya sheria tuliyoipitia hapo juu, tunaona kwa nini lengo hilo lina uzito.

TUFANYE NINI?

Historia hii ingekuwa hadithi tu kama isingetugusa. Mapadre huulizwa mara nyingi: Je, mwenye kifafa anaweza kufunga ndoa kanisani? Jibu ni ndiyo. Kifafa si kizuizi cha ndoa katika Sheria za Kanisa. Lakini kumficha mchumba jambo zito kwa makusudi ili tu akubali, hilo ni hatari kwa ndoa yenyewe, na kanuni ya 1098 inazungumzia udanganyifu wa namna hiyo. Kwa hiyo nawasihi wachumba waseme kweli mapema, na nawasihi zaidi wazazi wa upande wa pili. Vijana huficha kwa sababu wanajua tutakavyosema. Tukitaka wasifichе, tuache kuifanya kweli iwagharimu kila kitu.

Jambo la pili ni maombi na dawa. Wako wanaoambiwa, baada ya kuombewa, kwamba kuendelea kumeza vidonge ni kukosa imani. Ndugu zangu, kuacha ghafla dawa ya kifafa huweza kuleta mishtuko isiyokatika na kifo. Kuombea wagonjwa ni wajibu wetu. Kumwambia mgonjwa atupe dawa si sala. Tabibu wa Ugiriki aliwakemea waliojificha nyuma ya miungu, na karipio hilo halijachakaa.

Jambo la tatu ni mikono yetu. Mtu akianguka mbele yako, usikimbie. Kifafa hakiambukizi, wala kwa mate wala kwa kugusa. Ondoa vitu vinavyoweza kumwumiza, mwondoe karibu na moto au maji, weka kitu laini chini ya kichwa chake, na mgeuze alale ubavu. Usimshike kwa nguvu na usimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Tazama saa: mshtuko ukizidi dakika 5, au ukirudia kabla hajapata fahamu, tafuta msaada wa hospitali. Akizinduka, mfunike, kaa naye, na mwambie kwa upole kilichotokea. Wengi wanasema kwamba wanachokumbuka kuliko vyote ni nyuso za kwanza walizoziona walipofumbua macho.

Nawaomba viongozi wa jumuiya ndogondogo waulizane kwa hekima: Katika nyumba zetu, ni nani ambaye hatujamwona siku nyingi? Je, yuko mtu anayelala chumba cha nyuma kwa sababu tu ya kuanguka? Je, anapata dawa kila mwezi, na kuna aliyewahi kumwuliza anaogopa nini? Ukimpata, usianze kwa mahubiri. Mpeleke kliniki, na umngoje mpaka atoke.

Mwandishi yule wa kale alisema mtoto mdogo akiogopa hukimbilia kwa mtu anayemfahamu. Mtu mzima mwenye kifafa naye angependa kufanya hivyo, kama angekuwa na hakika ya kumkuta mtu huyo amesimama.

Nawatakia juma jema, na wagonjwa wetu wote nawaweka katika sala.

Padre wenu